Swali lako sitalijibu

*"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nimeolewa hapa Unguja na nina mtoto mmoja. Nikiamka kusali Alfajiri, jua linachomoza bado niko mferejini natawadha. Nikifika kwenye miguu, moyo unaniambia kiwiko hakikupata maji, basi naanza upya. Mikono imechubuka. Mume wangu namuuliza mara kumi kwa siku kama udhu wangu umetimia. Mavyaa wangu anasema nimekumbwa na pepo. Kombe la aya za Kurani nimekunywa, nafuu sijaiona. Na kuna fikra nyingine hunijia nikimpakata mwanangu, siwezi hata kuiandika. Nijibu moja tu: sala zangu za nyuma zinasihi?"*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako sitalijibu. Usinione mkavu. Nikikwambia leo "zinasihi", utalala vizuri usiku mmoja, kesho utaniandikia tena: na ile ya Ijumaa je? Mumeo, Mungu amlipe, anakujibu mara kumi, na ya kumi na moja inakuja vilevile. Jibu ndicho chakula cha maradhi haya.

Wanasema Mungu humpa upele asiye na kucha. Wewe umepewa upele na kucha pia. Kila ukirudia kiwiko unajikuna: raha ya dakika mbili, halafu panawasha kuliko mwanzo.

Maana ni maradhi, mwanangu, na wazee wetu wa Pwani wanayajua kwa jina: wasiwasi wa udhu. Siyo ule wasiwasi wa kusubiri matokeo ya mtihani. Huu ni fikra inayoingia bila hodi, ikakutisha au ikakutia kinyaa, kisha ikakulazimisha kufanya jambo ili inyamaze. Mwingine hurudi mara nane kutazama kitasa cha mlango. Mwingine huhesabu, au hunawa hadi ngozi itoke. Mara nyingi huanza ujanani, na hupenda kushika pale mtu anapopajali zaidi. Wewe unaijali sala, ndiyo maana umeshikwa kwenye udhu. Imani yako haina kasoro kwa hilo.

Mavyaa usigombane naye. Mwambie kwa adabu kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliueleza wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yanayotibika. Suratun-Nas endelea kuisoma. Ila ukijikuta unairudia mara arobaini mpaka "itoke sawasawa", jua na yenyewe imeshageuzwa mfereji.

Sasa tiba. Ya kwanza ni ya mazungumzo na mazoezi, na inakwenda kinyume na unavyotaka: unaiacha fikra ije, unakaa nayo, hurudii. Mwaka 1966 mwanasaikolojia mmoja wa London, Victor Meyer, aliandika habari za wagonjwa wawili aliowazuia wasifanye vile vitendo vyao huku wakikabili kinachowatisha. Wakapata nafuu, na zamani hizo maradhi haya yalionekana sugu kabisa. Tiba ya leo imejengwa juu ya hapo. Utaanza na jambo dogo, kwa mfano kunawa mara moja baada ya kushika kitasa, ndipo upande. Moyo utakwenda mbio na utaona unafanya dhambi. Ngoja. Hofu ikiachwa bila kukunwa huchoka yenyewe, na siku zikienda huchoka upesi zaidi.

Kwa udhu, mtafute shekhe anayeelewa na umwambie ukweli. Atakukumbusha unayoyajua: kila kiungo faradhi yake mara moja, sunna mara tatu, kuzidisha hapo ni makuruhu, na shaka ikija baada ya kumaliza haitazamwi. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Basi ondoka mferejini, chukua kopo. Maji yakiisha, udhu umekwisha, hata moyo ukipiga kelele. Lakini shekhe umuulize mara moja tu! Ukimpigia simu kila magharibi, umempa kazi ya mumeo.

Na mumeo naye ana zoezi lake. Kaeni siku mmetulia, mkubaliane kwamba ukimuuliza atasema: "Hilo ni la wasiwasi, mke wangu, silijibu," kisha akae karibu nawe. Wiki za mwanzo utamchukia. Mwonye mapema.

Dawa pia zipo: fluoksetini, sertralini, na ya zamani zaidi, klomipramini. Hazikufanyi mraibu. Kwa maradhi haya mara nyingi dozi huwa kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 hadi 12 kujua kama zinafaa, kwa hiyo usizitupe wiki ya pili ukasema za bure. Kama unanyonyesha au una mimba, daktari ajue kabla hajaandika, na usiziache ghafla bila yeye. Nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya hapa Unguja, uonane na daktari. Jina hilo najua linakutia haya. Vaa buibui lako uende.

Nimebakisha lile usiloweza kuliandika. Nakisia ni picha ya kumdhuru mtoto. Wamama wengi hujiwa na fikra za namna hiyo na hawasemi. Zinakutia hofu kwa sababu ziko mbali na unachokitaka. Sauti ikikuamrisha umdhuru, au ukihisi kweli unataka, hilo ni jingine: mwambie mumeo na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kama ni fikra ya kukutisha tu, usimkimbie mwanao wala usifiche visu, endelea kumpakata. Mwambie daktari siku ya kwanza. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi umkabidhi mkononi.