Wifi kanunua kwa kadi yangu, nami sitaki ugomvi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kirumba, wifi yangu yuko Nansio. Huwa tunaagiza vitu mtandaoni kwa kikapu kimoja ili tugawane nauli ya mzigo, kwa hiyo nilimpa neno la siri la akaunti yangu. Juzi nimekatwa sh 74,000 za viatu jozi mbili. Anasema alidhani anaweka kwenye kikapu tu. Nataka kubadilisha neno la siri, ila mume wangu anasema dada yake ataona ameitwa mwizi. Nilipojaribu kumtumia linki ya kikapu, akasema anaona kitupu. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Kirumba*

Marahaba mwanangu, na pole.

Huenda wifi yako anasema kweli tupu. Kwenye maduka mengi kitufe cha kununua papo hapo kimebanana na kile cha kuweka kwenye kikapu, na kadi na anwani zikishahifadhiwa, kidole kikiteleza hela imekwenda. Simu yenye kioo kilichopasuka ndiyo usiseme. Kilichokuponza ni kadi uliyoiacha humo ndani, na mazungumzo yaanzie hapo.

Kwanza angalia oda yenyewe. Kama haijatumwa, maduka mengi yanakuruhusu kuifuta kwenye ukurasa wa oda zako. Fanya leo, maana ikishaondoka ghalani utaingia kwenye habari za kurudisha mzigo, na nauli ya kurudisha inaweza kula nusu ya bei.

Kisha futa kadi kwenye akaunti. Badilisha neno la siri, halafu tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote. Watu hubadilisha neno la siri wakaishia hapo, kumbe simu iliyokuwa imeshaingia inaweza kubaki ndani kama kawaida. Chungulia pia anwani: kama ya Nansio ndiyo iliyowekwa ya kwanza, oda yako ijayo itavuka ziwa bila wewe kupanda kivuko. Na kama uliwahi kulipa kwa simu ya wifi, kadi inaweza kuwa imehifadhiwa na kivinjari cha simu hiyo. Ukiifuta dukani, ya kwenye simu inabaki. Mwombe mfungue pamoja mipangilio ya malipo siku akija mjini.

Sasa kikapu kitupu. Duka linatambua kikapu kwa akaunti au kwa simu ya mtu, wakati linki ya ukurasa wa kikapu ni moja kwa wateja wote. Kumtumia linki hiyo ni sawa na kumpigia mtu simu ukamwambia "fungua kabati": atafungua la kwake.

Kinachofaa kushirikiwa ni orodha. Amazon, kwa mfano, inakuruhusu kutengeneza orodha ukamwalika mtu kwa linki, na unachagua aione tu au aione na kuibadilisha. Mpe ya kubadilisha. Ataongeza na kuondoa vitu akiwa kwenye akaunti yake mwenyewe, na kadi yako hataigusa. Usiiweke wazi kwa kila mtu. Duka lisilo na orodha ya namna hiyo, mtumiane linki ya kila kitu WhatsApp, lakini linki peke yake haitoshi, kwa sababu mara nyingi hufungua bidhaa kwa rangi na saizi ya mwanzo, siyo aliyoichagua yeye. Meseji ikae hivi:

"Viatu vya shule, vyeusi, namba 38, jozi 1, sh 32,000 leo saa 4 asubuhi."

Saa ina maana yake. Kikapu hakishiki bei wala hakikuwekei bidhaa. Bei ya asubuhi inaweza kuwa nyingine jioni.

Mlipaji awe mmoja, wewe, na hela ya mwenzio iingie kabla hujabonyeza. Kama una kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu, jaza kiasi cha oda tu. Nauli inayotozwa kwa uzito igawanywe kwa uzito, hapo ndipo mawifi wengi hununiana. Tuseme nauli ni sh 18,000 kwa kilo 3, sufuria zake ni kilo 2.5 na gauni lako nusu kilo: yeye 15,000, wewe 3,000. Mkigawana nusu kwa nusu, gauni lako limembebea sufuria.

Namba ya siri inayokuja kwa meseji wakati wa kulipa usimtumie mtu yeyote, hata ombi likitoka kwenye WhatsApp ya wifi mwenyewe, maana akaunti hizo huibiwa. Mpigie usikie sauti yake. Wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" siku hizi wanaandika pia kwamba mzigo wako umekwama, lipia ushuru kwenye linki. Usiifungue, angalia oda ndani ya duka lenyewe, na namba ya tapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kuhusu baba watoto, usimtume kwa dada yake. Piga mwenyewe, useme: "Wifi, nimetoa kadi yangu kwenye ile akaunti na nimebadilisha neno la siri, maana hata mimi ningeweza kubonyeza vibaya. Nimekutumia orodha, weka vitu vyako humo." Umemwambia ulichofanya, hukumwomba ruhusa, na neno wizi halijatajwa.

Zile 74,000 zitajeni siku hiyo hiyo. Kama oda imefutwa, subiri hela irudi kwenye kadi, inaweza kuchukua siku kadhaa, na umwonyeshe ikirudi. Kama viatu viko njiani, ni vyake na deni ni lake. Akiomba alipe kwa awamu mbili, mkubalie, ila tarehe zote mbili ziandikwe kwenye meseji kabla mzigo haujapanda kivuko cha Nansio.