Lipesi ya mafuta ya nazi usiipime kwa butireti!

Wewe kijana uloandika kutoka Wete, simama hapohapo. Unataka kuibadili lipesi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, raundi kwa raundi mpaka ivunje mafuta ya nazi vizuri, umeuliza manganizi ya kutia makosa kiasi gani kwenye PCR, ile njia ya kunakili jeni, na myutesheni, yaani makosa hayo, ngapi kwa kila jeni, halafu kwa mkato tu unasema koloni za bakteria wenye jeni hizo utazipima kwa pi-nitrofenili butireti, kemikali inayotoa njano ikivunjwa, kwa vile ni rahisi. Wallahi hapo ndo penyewe.

Sisi tulipewa ushauri huohuo na mtaalamu mmoja, eti njano ikitoka lipesi inafanya kazi, mafuta yenyewe mtayatazama mwisho. Njano ikatoka kweli, kila raundi inazidi kukoza, pesa zote zikaishia kwenye pleti na kusoma DNA, kuja kuiweka kwenye mafuta ya nazi ile bingwa wetu ikashindwa na lipesi ya asili tuloanza nayo! Na mtu yule anafundisha vimeng'enya, alikuwa anajua. Butireti ina kaboni 4 tu na inayeyuka majini kuliko mafuta, mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12, tena hayayeyuki, lipesi inatakiwa ishike pale maji na mafuta yanapokutana. Kwa hiyo miezi yote ile tulikuwa tunachagua kimeng'enya kinachopenda vipande vifupi.

Unakipata kile unachokipima, yakhe, basi. Frances Arnold, alopata Nobel 2018, alipotaka subtilisini, kimeng'enya kinachovunja protini, ifanye kazi ndani ya dimethilifomamaidi, kiyeyushi kisichokuwa maji, aliitia hiyohiyo dimethilifomamaidi kwenye sahani za kuchagulia, na mwaka 1993 akatoa iliyoizidi ya asili mara 256 kwenye asilimia 60 ya kiyeyushi hicho.

Wewe koroga mafuta ya nazi kwenye agari, tia rangi ya rodamini B, mulika kwa taa ya urujuanimno, koloni inayovunja mafuta utaiona na duara la chungwa. Zilizo bora zipime tena kwa sodiamu haidroksaidi uone asidi iliyotoka, kwa joto na pH utakayotumia kazini, si ya maabara. Hayo ya manganizi yanarekebishika, tutayazungumza baadae. Kwanza panda sahani moja ya lipesi yako ya asili na nyingine ya bakteria wasiokuwa na jeni hiyo, na kama huoni tofauti baina yao, usitengeneze laibrari, yaani mkusanyiko wa jeni zilobadilishwa.