Usukani unatetemeka nikifunga breki

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya 2004. Nikifunga breki kwenye mwendo mkali, usukani unatetemeka. Nimeweka pedi mpya, hali ni ileile.

JIBU: Angalia diski za breki za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi. Pedi mpya haziwezi kusawazisha diski ambayo unene wake haulingani. Nyingi za gari hilo zina kipenyo cha milimita 294 na unene wa 24 zikiwa mpya. Zikifika 22, tupa. Pima kabla ya kuagiza, maana kuna Impreza zenye diski za 277. Nunua mbili kwa pamoja.

Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ikishatoka ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Diski iliyoganda usiigonge nyundo: ina matundu mawili yenye nyuzi, kaza humo bolti za M8, zamu kwa zamu, itajitoa yenyewe.

Sasa usiharakishe. Sugua uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hukaa, kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kutu kidogo tu ikibaki hapo, diski mpya inakaa upande na mtetemo utarudi. Nati za gurudumu kaza kwa mkingamo, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kamwe si kwa bunduki ya upepo.