Treni ndo sehemu rahisi, kazi ipo kwenye bajaji

Mhariri habari za kazi. Mmeuliza wiki hii: "Gari huna, familia unayo, na umepata siku mbili tatu za mapumziko. Ungepanda treni kwenda mji gani na ungejipangaje?" Nikaona hili nisilipite kwa sababu nimeshalifanya mara mbili, ya kwanza vibaya, ya pili vizuri, na mara zote mbili mji ulikuwa Dodoma.

Nianze na ile mbaya maana ndo iliyonifundisha. SGR, ile treni mpya ya umeme, ilipoanza kwenda Dodoma, Julai 2024, huku kwetu Gongo la Mboto ikawa kila mwenye simu ana picha yake amekaa dirishani anajifanya anasoma, basi watoto wangu wakapata wimbo, mama treni, mama treni, asubuhi mpaka usiku. Mwisho tukajichanga. Sisi tupo sita: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu ambaye tunaishi nae, na watoto watatu, mkubwa ana kumi na moja, wa kati saba, na yule mdogo wakati huo alikuwa hajatimiza minne. Mi ni fundi cherehani, hela yangu naijua ilipotoka, kwa hiyo akili yote niliiweka kwenye tiketi. Daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ni 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka minne hadi kumi na mbili analipa nusu, chini ya hapo bure. Kwa hiyo watu wazima watatu 93,000, watoto wawili 31,000, jumla 124,000 kwenda, na kurudi hivohivo. Nikapiga hesabu nikajipongeza, nikaona safari imeshapangwa.

Haikuwa imepangwa, nilichokuwa nimepanga ni yale masaa ambayo hata ningelala mwenyewe ningefika.

Ona nilichofanya. Tiketi nilikata za kupandia stesheni kubwa ya mjini, ile yenye umbo kama jiwe la tanzanite, kwa sababu ndo niliyoiona kwenye picha za watu. Treni ni ya jioni, tukatoka nyumbani saa saba mchana na mabegi matano, daladala imejaa, barabara ya Nyerere na ule uchimbaji wa mwendokasi vumbi mpaka kwenye meno, Tazara tumesimama mpaka mdogo akaanza kulia anataka kurudi kwao, nikamwambia kwenu si ndo huku huku unapolilia. Tumefika stesheni tumechoka kama tumetoka shamba. Tukakaguliwa mabegi, tukapanda, treni ikaondoka taratibu kabisa, na baada ya muda mfupi tu ikasimama. Wapi? Pugu. Pale ambapo kutoka mlangoni kwangu ni bajaji tu. Na watu wanapanda wameoga, wametulia, mmoja ana feni ya mkononi. Baba watoto aliniangalia hakusema kitu, na mwanaume akinyamaza vile ujue ataiongea miaka kumi.

Kwa hiyo mtu wa Gongo la Mboto, Chanika, Kisarawe, Ukonga, angalia kwanza kama treni unayoitaka inasimama Pugu, maana zile za haraka si zote zinasimama, na kama inasimama usijisumbue na mjini.

Dodoma tulifika usiku. Mwezi wa saba. Sasa watu wa Dar sisi baridi tunaisikia kwenye redio, mi nilibeba khanga mbili za kujifunika nikajua tumemaliza, kumbe Dodoma iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita wa saba usiku upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto mgongoni amelala, mama mkwe anatetemeka, nje bajaji zinagombania abiria, na hapo ndo nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maisha yangu yote: sisi watu sita hatuenei bajaji moja. Kila tunapokwenda ni mbili.

Halafu gesti. Niliipata kwa simu, jamaa akaniambia iko dakika tano tu kutoka mjini, picha nzuri, bei nzuri. Dakika tano hizo labda kwa ndege. Ilikuwa nje huko, barabara ya vumbi, duka la karibu limefungwa, maji ya moto ahadi tu. Kesho yake ndo hesabu zikaanza kuongea: kwenda mjini kunywa chai bajaji mbili, kurudi mtoto alale bajaji mbili, jioni kwenda tena mbili, usiku kurudi mbili, kila moja elfu tatu, siku moja 24,000 za kuzungushwa tu. Siku mbili 48,000. Yani ningeweza kumleta na mdogo wangu wa Mbagala kwa treni na chenji ikabaki. Tukaishia kukaa gesti tunaangalia tivii, tamthilia ileile ambayo tungeiangalia Gongo la Mboto bure.

Sasa ya pili. Zamu yangu ya kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana hela na kupokezana, ilipofika nikasema narudi Dodoma palepale, siwezi kushindwa na mji. Na safari hii nikaanza mwisho nikaja mwanzo: gesti kwanza, tiketi baadaye. Sikutafuta nzuri, nilitafuta ya karibu na Nyerere Square, pale katikati ambapo ukitoka nje unakutana na watu, chakula, duka la dawa, na sehemu ya watoto kukimbia bila kugongwa. Na nina swali langu moja ambalo nawapa bure wasomaji wenzangu. Usimuulize mwenye gesti "ni mbali?" maana atasema karibu, hata ungekuwa unalala Bahi, wilaya nyingine kabisa. Muulize hivi: nikitoka getini kwa miguu na mtoto mdogo, kitu cha kwanza nakutana nacho nini, cha pili nini? Wa kwanza niliyempigia akasema kuna sheli halafu kuna uwanja halafu kuna... akaanza kukohoa. Nikakata. Wa tatu akanitajia mgahawa, duka la vifaa vya shule, msikiti mdogo, halafu skwea, bila kufikiri. Nikalipia hapohapo.

Tarehe pia nilichagua kwa akili. Dodoma ni makao makuu, gesti zake zinafuata ratiba ya serikali, si ya watalii. Bunge la bajeti likiwa linaendelea, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, vyumba vya katikati vinajaa na bei inapanda, na wiki ya Nanenane nayo mwezi wa nane usijaribu kama hujabuku mapema. Sisi tulienda likizo fupi ya shule, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, baridi imeanza kulegea, na ni msimu wa zabibu. Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, huo wa mwezi wa nane na wa tisa, na mwingine wa kuanzia wa pili huko. Ukienda katikati ya hapo utauziwa juisi na stori.

Tiketi nilikata zote sita kwa mkupuo mmoja onlaini ili tukae pamoja (mdogo alishatimiza minne kwa hiyo nae sasa nusu, na ana kiti chake, anajivunia hicho kiti mpaka leo). Ukishapata kontroo namba, ile namba ya kulipia, lipa palepale usiseme nitalipa jioni, maana ina muda wake. Majina yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tukachukua ya asubuhi, kutokea Pugu. Mabegi matatu badala ya matano na kila begi lazima mtu mmoja aweze kulibeba huku ameshika mtoto kwa mkono wa pili, nililipima nyumbani, nikazunguka nalo uani majirani wananicheka. Masweta juu kabisa, si chini ya begi. Na mafuta ya mgando, kwa sababu ile hewa ni kavu, safari ya kwanza midomo ya watoto ilipasuka wakawa hawataki hata kucheka.

Kuhusu treni yenyewe sitasema mengi, inakwenda, ni masaa kama manne hivi wakati basi linakula siku yako nzima. Ila ukiweza kukaa kushoto unapoelekea Dodoma kaa, ukikaribia Morogoro unaiona milima ya Uluguru upande huo. Baada ya Kilosa yanaanza mahandaki, na hapo ndo nilipoelewa kwa nini watu wanasafiri na watoto: giza likiingia wote behewa zima wanapiga kelele, mwanga ukirudi wanacheka, wa kati akawa anahesabu kwa vidole, mkubwa anamwambia umeruka moja, wakagombana mpaka Gulwe.

Mama mkwe yeye alikuwa na safari yake nyingine kichwani. Ni mtu wa Tabora, amepanda sana ile treni ya zamani, na kila stesheni anauliza hapa hawauzi kitu? Dirisha halifunguki. Zamani, anasema, treni ikisimama karanga zinapanda dirishani, mihogo, kuku, na kuku wa Saranda ndo habari nyingine kabisa. Mara tatu akaniuliza Saranda tunafika saa ngapi. Nikamwambia mama, Saranda iko mbele ya Dodoma, sisi tunashuka kabla. Akasema kumbe mmenileta nusu safari.

Tumefika mchana, bajaji mbili mara moja tu mpaka gesti, na kuanzia hapo miguu. Hiyo ndo raha yenyewe. Kanuni yangu ilikuwa jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, katikati watu wanalala, hata kama hawataki. Siku ya kwanza jioni Nyerere Square tu, watoto wamekimbia kuzunguka sanamu ya Mwalimu, sisi tumekaa tunakula mishikaki tunaangalia watu wa ofisini wanavyotembea haraka kama wanadaiwa. Kesho asubuhi tukagawana: baba watoto na mkubwa wakaenda kupanda Mlima Simba, lile jabali ambalo ukiwa juu unauona mji wote, mimi na bibi na wadogo sokoni Majengo kuulizia zabibu na kubishana bei. Wamerudi mchana magoti yana michubuko, mkubwa anasema ameona Bunge kutoka juu, baba yake anasema lilikuwa ghala, sijui nimwamini nani. Jioni tulipita kuona msikiti wa Gaddafi kwa nje, mkubwa kabisa ule, halafu tukamalizia bustani ya Chinangali watoto wakacheza. Chakula cha usiku mama mkwe akataka ugali wa uwele na mlenda kama wanavyokula Wagogo, watoto wakaukataa ule mlenda kwa macho kabla haujafika mezani, chipsi mayai ikaokoa jahazi.

Ile hela ya bajaji ya safari ya kwanza, 48,000, safari hii haikufika hata robo. Gesti ya katikati ilikuwa ghali zaidi, sikatai, ila ukijumlisha vyote nilitumia pungufu, na hakuna aliyelia barabarani, hata mimi.

Najua wengi watajibu Morogoro, na siwapingi. Kama una mtoto wa kunyonya au hujawahi kabisa kusafiri na wanao, anzia Moro: nauli 13,000, masaa mawili hivi umefika, mji kasoro bahari, kijani, watoto unawapeleka Rock Garden wachezee maji yanayoshuka mlimani, unaweza hata kwenda asubuhi ukarudi jioni ukalala kwako. Ila kumbuka stesheni yake ya SGR haipo katikati ya mji, iko upande wa Kihonda, kwa hiyo lile suala langu la bajaji liko palepale, tena Moro watu wanasahau zaidi kwa sababu wanajua mji ni mdogo.

Zabibu tulinunua kilo tatu. Zilipofika Pugu zilikuwa moja na ushee, na kila ninayemuuliza anasema ni bibi. Bibi yeye ameshatangaza kwamba safari ijayo ni Tabora, kwa ile treni ya zamani, na Saranda lazima tusimame. Kijumbe changu kinarudi mwezi wa tatu.