Bluzi Iliyovuka Bahari na Kurudi

Swali: Mhariri, je, ni kweli kwamba Waingereza ndio waliowafundisha Wamarekani muziki wa roki?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Muddy Waters, mwanamuziki mweusi wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi uliozaa roki) kutoka Chicago, Marekani, alizuru Uingereza mwaka 1958, na vijana wa London waliosaka sahani za muziki huo kwa udi na uvumba wakaunda bendi zao, mojawapo ikiwa Rolling Stones, iliyopata jina lake katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Beatles, bendi nyingine ya Uingereza, walipotua New York Februari 1964, Wamarekani wengi walishangilia kama kitu kigeni muziki ambao mizizi yake ilikuwa kwao. Mwaka 1965 Rolling Stones walidai Howlin' Wolf, mwanabluzi mwingine mweusi wa Marekani, aonekane nao katika televisheni ya Marekani, heshima ambayo, kwa maoni yangu, watangazaji wa nchi yake walichelewa mno kumpa.