Unaomba pesa ya kurekebisha nyumba ya mwenye ulemavu? Anza na tepu ya kupimia

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba maombi yake ya fedha za kurekebisha nyumba yamekataliwa kwa mara ya pili, na jibu ni lilelile: maelezo hayajitoshelezi. Mama yake amepooza upande mmoja, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kila akitaka kwenda chooni lazima watu wawili wambebe. "Wanataka maelezo gani zaidi ya hayo?" anauliza.

Wanataka sentimita. Linaudhi, lakini ndivyo lilivyo. Afisa anayepitia maombi ana rundo la barua za kusikitisha mezani, na zote ni za kweli. Anayoichomoa ni ile anayoweza kuitia saini leo, na mkaguzi akija kesho aweze kuitetea: kazi gani, kwa kipimo gani, kwa bei gani, na itamwondolea mhusika shida ipi. Barua inayosema "naomba msaada wa kukarabati nyumba ili imfae mama yangu" haina hata kimoja cha hivyo. Linganisha na hii:

"Mlango wa choo una nafasi ya kupita ya sentimita 64. Kiti cha mama kina upana wa sentimita 67. Naomba fedha za kupanua mlango ufikie sentimita 90, kufunga vishikio viwili kando ya choo, na kujenga njia ya mteremko ya mita 5.4 mbele ya nyumba. Nimeambatanisha picha, barua ya mtaalamu na profoma za mafundi wawili."

Hapo afisa ameshaiona nyumba. Profoma ni hati ya fundi inayoonyesha kazi na bei yake kabla hajaanza.

Mlango watu wengi huupima vibaya. Hupima fremu hadi fremu, wakapata sentimita 80 na kuandika kwamba unatosha. Fungua mlango nyuzi 90, kisha pima kutoka uso wa ubao wake hadi fremu ya upande wa pili. Unene wa ubao na bawaba hula sentimita 4 au 5, na hizo ndizo zinazomchubua vidole anayesukuma magurudumu. Lengo ni sentimita 80 zilizo wazi kwa uchache, au 90 kama kuna kona ya kukata mara tu baada ya kuingia. Kama pengo ni hizo sentimita 4 au 5 tu, usiombe hela ya kuvunja ukuta: ziko bawaba zilizopinda zinazoutoa ubao nje kabisa ya njia, na upo mlango wa kuteleza unaoning'inia ukutani. Ukilazimika kuvunja, hakikisha profoma ina linta mpya, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, inayolala ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Mafundi huiacha ili bei ionekane ndogo, kisha kazi inasimama katikati na mfadhili hatoi nyongeza.

Njia ya mteremko ndiyo inayovuruga bajeti nyingi. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinataka mita 5.4, na hapo bado hujahesabu sehemu tambarare ya mita 1.5 mlangoni na nyingine chini, ili kiti kitulie na mlango ufunguke bila kumrudisha mtu nyuma. Kuna fundi atakayekwambia mita 2 zinatosha. Zinatosha kwa toroli. Mteremko huo una nyuzi karibu 13. Kupanda, mtu hajisukumi mwenyewe, na kushuka, kiti kinamponyoka. Mhandisi wa mfadhili akiuona kwenye mchoro, faili linarudi lilikotoka. Kama uwanja ni mfupi, njia ikunje katikati penye tambarare nyingine ya mita 1.5, na gharama ya kona hiyo iandikwe tangu mwanzo.

Vifaa navyo vihesabiwe, kwa sababu hapa ndipo unapomwonyesha mfadhili kwamba unajali hela yake. Njia hiyo ya mita 5.4, kwa upana wa mita 1.2, ukiijaza zege tupu inakula karibu mita za ujazo 1.5, yaani mifuko 9 au 10 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Ukijenga kuta za pembeni, ukajaza kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka za sentimita 15, kisha ukamwaga zege la sentimita 10 juu, zege hilo linahitaji mifuko 4 au 5, mbali na ya kuta. Kifusi kisiposhindiliwa kitatitia na zege litapasuka. Uso upigwe ufagio mgumu zege likiwa bado bichi. Vigae vinavyong'aa havifai hapo hata kidogo. Weka vishikio pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95, na ukingo wa chini unaozuia gurudumu kutoka nje.

Vishikio vya chooni vinaonekana kazi ndogo, na ndiyo maana huharibika. Kishikio lazima kihimili angalau kilo 110, maana mtu anayeanguka hukidaka kwa uzito wake wote. Ukuta wa tofali zenye matundu hauwezi kushika skrubu na plagi za plastiki. Vinang'oka pamoja na plasta. Jaza matundu hayo zege kwanza, au pitisha bolti hadi upande wa pili na kuzifunga kwenye bamba la chuma. Bomba la kutundikia taulo si kishikio, hata muuzaji aape. Kiti cha choo kiwe sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni, karibu usawa wa kiti cha magurudumu, na kama chumba kinaruhusu, iachwe nafasi ya duara la mita 1.5 ya kugeukia. Isiporuhusu, sema hivyo kwenye maombi na ueleze utakavyofanya, kwa mfano mlango ufungukie nje.

Sasa barua ya hospitali. Barua inayotaja ugonjwa peke yake haisaidii sana, kwa kuwa watu wawili wenye kiharusi wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa. Mtafute mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemfundisha mgonjwa upya kuvaa, kuoga na kujihudumia. Muombe aandike anachoweza na asichoweza kufanya mhusika ndani ya nyumba hiyo, na rekebisho lipi litabadilisha nini: "Hawezi kuhama kutoka kitini kwenda chooni bila watu wawili, akiwa na kishikio cha kulia ataweza kwa msaada wa mtu mmoja." Sentensi kama hiyo ina uzito kuliko mihuri mitatu. Aseme pia kama hali inatarajiwa kubadilika. Mlango uliopimwa kwa kiti cha leo unaweza kukwamisha kiti cha umeme cha mwakani, na mtoto naye hukua.

Ukishapata vipimo, profoma na barua, gawa orodha yako mafungu mawili: vilivyofungwa kwenye jengo na vinavyobebeka. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa bila kujua. Bima ya afya kwa kawaida hailipii matofali, lakini baadhi hulipia vifaa saidizi: kiti cha kuogea, choo cha kubebeka, hata njia ya mteremko ya alumini inayokunjwa. Ukiviandika vyote kama "ukarabati", vyote vinakataliwa kwa pamoja.

Fungu la jengo ndilo upeleke kwa ustawi wa jamii, halmashauri, au mfuko wa taifa wa watu wenye ulemavu pale ulipo. Aliyeumia kazini aanze na mfuko wa fidia ya wafanyakazi. Aliyegongwa na gari aambie wakili wake aingize gharama za nyumba kwenye madai kabla ya kusaini hati ya kumaliza shauri. Ukishasaini, mara nyingi mlango umefungwa. Vilabu vya hisani kama Rotary na Lions, misikiti na makanisa mara nyingi huona wepesi kutoa saruji, nondo au mafundi kuliko fedha taslimu, kwa hiyo wapelekee orodha ya vifaa badala ya jumla ya hela. Vyama vya wagonjwa wa maradhi husika vina mifuko midogo inayosahaulika. Mkopo uje mwisho, kwa kile kilichobaki tu.

Unaweza kuomba sehemu kadhaa kwa pamoja, na si udanganyifu, ilimradi kila mmoja alipie kipande chake: huyu mlango, yule njia ya mteremko. Wafadhili wawili wakikuta risiti moja, umewapoteza wote wawili. Andika wazi kwenye kila barua nani ameombwa nini.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 28, unatambua haki ya kiwango cha maisha kinachostahili, makazi yakiwemo. Kama nchi yako imeuridhia, utaje kwa mstari mmoja mwishoni mwa barua. Ukianza nao, unasomeka kama tishio.

Jambo moja linawaangusha hata waliojipanga: kuanza kazi kabla ya idhini. Mifuko mingi hailipi kilichokwisha kuanza. Ruzuku ya halmashauri nchini Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hailipii kazi iliyoanza kabla ya kuidhinishwa, na sheria inaipa halmashauri hadi miezi 6 kujibu ombi lililokamilika. Najua mgonjwa hangoji. Nunua kinachobebeka sasa, vunja ukuta baadaye. Mpangaji apate kwanza kibali cha maandishi cha mwenye nyumba, kikieleza nani atarudisha jengo lilivyokuwa siku ya kuhama. Bila hicho hata profoma nzuri haisomwi. Na bei ya profoma ina tarehe ya mwisho: muombe fundi aipe miezi mitatu, uongeze asilimia 10 ya dharura kama mstari unaojitegemea.

Uliza mapema hela inalipwaje. Wafadhili wengine humlipa fundi moja kwa moja, wengine hurudishia baada ya risiti, na hapo unahitaji mtu wa kukukopesha kwa muda. Katika mkataba wa fundi, zuia asilimia 10 hadi mwenye kiti mwenyewe apite mlangoni, ageuke chooni na apande mteremko ukiwa umelowa maji. Penye kukwama parekebishwe, ndipo umalize deni. Kisha peleka kwa mfadhili nakala za risiti na picha za kabla na baada, hata kama hakuziomba, kwa sababu bafu utaliombea kwenye faili hilohilo.