Kabla hujavaa yunifomu ya polisi Marekani na wewe ni mweusi, soma hii

Wiki jana kijana mmoja Mkenya wa hapa Minnesota aliniandikia inboksi, ati amemaliza chuo na anataka kujiunga na polisi, lakini dadake hamsemeshi tangu asikie hizo habari. Akaniuliza, "Kaka, unawezaje kuivaa hiyo nguo baada ya Floyd?" Nimeanza kumjibu kwenye simu vidole vikachoka, basi acha niandike hapa, maana najua mko wengi mnawaza hivyo hivyo na mnaogopa kuuliza. Mambo ya akademi na leseni nayaruka, hayo utayapata popote.

George Floyd, mtu Mweusi, aliuawa tarehe 25 Mei 2020 na polisi Derek Chauvin aliyemkandamiza shingo kwa goti, na usiku wa tarehe 28 kituo cha polisi cha Third Precinct pale Minneapolis kikachomwa. Mimi ni polisi wa mji wa jirani lakini tuliitwa kusaidia. Nikawekwa kwenye laini na helmeti, barakoa ya corona ndani ya ile plastiki ya uso, ukipumua tu inashika ukungu, huoni kitu, unasikia tu. Mama mmoja Mweusi, rika la mamangu kabisa, akasogea akasoma jina langu kifuani, akalitamka pole pole mpaka akalipata, halafu akaniambia, "Wewe umetoka Afrika juzi. Sisi ndio tuliandamana ukapewa hata hiyo kazi." Ningemjibu nini na anasema kweli? Atlanta ilipoajiri polisi Weusi wa kwanza mwaka 1948 walikuwa wanane tu, hawakuruhusiwa kumkamata mzungu, na nguo walibadilishia kwenye jengo la YMCA kwa sababu kituoni hawakutakiwa. Babu yangu hakupitia hayo, lakini mshahara nakula mimi.

Tukarudi kituoni, mwenzangu mmoja ambaye tunakula pamoja kila siku anawaita waandamanaji wanyama, akakumbuka nipo, akanigeukia, "Si wewe bana, wewe ni tofauti." Hilo neno linaniuma mpaka leo kuliko chupa niliyorushiwa. Hajawahi kuniomba radhi. Juzi amenialika harusi ya bintiye, nikaenda, nikala, nikarudi nyumbani.

Na ukiivua yunifomu usidhani ndio umepumzika. Nimeshasimamishwa barabarani na polisi wa kaunti nyingine, watoto wako nyuma, mikono nimeiweka juu ya usukani ionekane, beji iko mfukoni na naogopa kuitoa. Polisi mwenzangu!! Montrell Jackson, polisi Mweusi wa Baton Rouge, aliandika Facebook mwaka 2016 kwamba akiwa na yunifomu anaangaliwa kwa chuki na akiivua wengine wanamuona tishio. Siku chache baadaye, Julai 17, akauawa kwa risasi akiwa kazini.

Sasa ushauri. Usiingie ukidhani rangi yako inatosha. Memphis Januari 2023, wale polisi watano walioshtakiwa kwa kumuua Tyre Nichols, Mweusi mwenzao, wote walikuwa Weusi. Na Alexander Kueng, mmoja wa polisi wanne waliokuwepo Floyd akifa, ni Mweusi kwa upande wa baba, na watu wake walisema aliingia ili abadilishe mambo kutoka ndani. Alikuwa mgeni kazini kabisa, siku zake za mwanzo, na Derek Chauvin ndiye aliyekuwa amemfundisha kazi. Unaona mtego ulipo? Tunaongea rangi rangi, kumbe siku yenyewe ikifika kinachokufunga mdomo ni mkubwa wako, yule anayekujazia fomu ya kwamba umefaulu. Kueng alipata miaka 3 ya mahakama ya federali, na kosa mojawapo ni kutomzuia Chauvin.

Kwa hiyo amua mapema, ukiwa nyumbani na akili imetulia, utasema maneno gani siku hiyo, na uyaseme kwa sauti mpaka yazoeleke mdomoni. Mimi nimewahi kumshika mwenzangu mkono nikamwambia imetosha, na yeye ni mkubwa kwangu kwa cheo. Baada ya hapo ikawa napangiwa shifti za usiku tu, hakuna aliyesema kwa nini, na ningerudia leo. Weka na akiba pia. Cariol Horne, polisi Mweusi wa Buffalo, alimzuia mwenzake mwaka 2006, kwa maelezo yake jamaa alikuwa anamkaba shingo mtu mwenye pingu, wakamfukuza 2008 akiwa amekaribia kabisa pensheni, hakimu akaja kumpa haki yake 2021. Miaka yote hiyo katikati alikula nini? Ndugu zangu, acheni kuniambia mnataka "kubadilisha mfumo" na hata kodi ya miezi mitatu hamna benki. Asiye na akiba ananyamaza, na akinyamaza leo kesho atanyamaza tena.

Watu wa nyumbani wananiambia mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimeshika zote na sijaachia.

Kuhusu dadako, usibishane naye. Mke wangu mwenyewe aliandamana ile Juni na bango lake, nikamwambia mtaa niliopangiwa ili apite mwingine, tukakutana jikoni usiku kila mtu amechoka na lake. Mwambie dadako aniandikie mwenyewe. Nitamjibu, ila awe na subira, bado niko shifti ya usiku.